Mji Uuache Mgongoni

*Maswali ya wasomaji kuhusu anga la usiku*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa binti wa miaka 11. Mjomba wake amempa darubini ya macho mawili, na tangu siku hiyo hanipi usingizi. Tunakaa pembezoni mwa mji mdogo, lakini taa ya barabarani iko mbele ya lango letu na nyota tunazoziona uani hazifiki thelathini. Wiki iliyopita nilimchukua tukapanda kilima kirefu kuliko vyote hapa jirani, mwendo wa kilomita 8. Tulichokiona ni taa za mji mzima zimetandazwa chini yetu, mwezi mkubwa juu, na nyota zilezile za uani. Mtoto hakusema neno njia nzima ya kurudi. Niende umbali gani ndipo nipate giza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pale uliposema mtoto hakusema neno njia nzima, niliiweka barua chini kwanza. Sitaki safari yenu ya pili iwe kama hiyo, kwa hiyo vumilia nikujibu kwa kirefu.

Unauliza umbali, na karibu kila anayeniandikia huuliza hivyo. Mimi ningeanza kwingine: mnataka kutazama upande gani wa anga? Mji mdogo hauchafui anga lote sawasawa. Unajijengea kuba la mwanga juu yake, na ukiwa nje ya mji utaliona upande mmoja tu, weupe unaopanda kutoka upeo wa macho. Ukisimama kusini mwa mji, kuba liko kaskazini kwako na anga la kusini liko huru. Ukisimama mashariki mwake, nyota zinazochomoza ni zako, zinazotua zimemezwa. Basi amueni kwanza mnakwenda kuona nini, kisha mtafute mahali ambapo mkikielekea kitu hicho, mji unabaki mgongoni. Nimewajua watu waliosafiri saa mbili nzima, wakafika, wakakuta wanatazama juu ya mji mwingine ambao hawakuuangalia kwenye ramani.

Umbali nao una kazi yake, ila kilomita za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Mwanaastronomia Merle Walker alichunguza mng'ao wa miji, na mwaka 1977 akatoa kanuni ambayo bado tunaitegemea kwa makadirio: ukizidisha umbali mara mbili, mng'ao wa mji angani haushuki hadi nusu, unashuka hadi chini ya moja ya tano. Kwa hiyo anayetoka kilomita 3 akafika 6 amepiga hatua kubwa mno. Kilomita zako 8 zilikuwa zinatosha kabisa kwa mji mdogo. Kilichokuangusha ni kilele, na mwezi.

Kilele kinakuonyesha kila taa iliyoko bondeni, na taa unayoiona kwa jicho inadhuru kuliko mng'ao uliosambaa angani, kwa sababu jicho haliwezi kuzoea giza huku linachomwa. Rudi kwenye kilima hichohicho, ila safari hii pita kilele, ushuke kidogo upande wa pili. Kilima chenyewe kitakuwa pazia lako. Usishuke hadi chini bondeni, maana hewa ya baridi hukusanyika huko, na ukungu na umande vitawahi kwenye vioo vya darubini kabla yenu. Mahali ninapopapenda mimi kuliko pote ni mteremko wa namna hiyo, nyuma ya kilima kifupi ambacho mpita njia hatakigeuzia shingo. Kuna jiwe bapa la kulalia, na miti michache upande wa mji.

Miti isikutie hofu. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi yako ni takriban nyuzi 10 za anga. Nyota iliyoko chini ya ngumi mbili kutoka upeo wa macho haionekani vizuri hata mahali pa giza, kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nene yenye vumbi na moshi. Kwenye upeo wenyewe hewa hiyo ni karibu mara 40 ya iliyopo utosini. Miti inayofika ngumi moja na nusu inakunyima kidogo sana, na huenda ikakuzibia taa tatu nne za watu.

Kabla ya kumpeleka mtoto, nenda mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza mchana, uone njia, mashimo, pa kuegesha gari, na mwenye shamba ni nani ili umwombe ruhusa. Mara ya pili usiku. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja nilichagua uwanja mzuri mchana, nikaalika watu sita, na usiku taa ya ulinzi ya ghala la jirani ikawa inawaka yenyewe kila mmoja wetu alipotikisika. Mchana taa ile nilikuwa nimeiona, nikaidhania mfuko wa plastiki uliokwama ukutani.

Na hiyo ziara ya usiku, ifanye siku ya mawingu! Watu hunishangaa, lakini mawingu ndiyo kipimo changu cha kwanza. Mwanga wa mji hugonga mawingu ukarudi chini. Kama mawingu yaliyo juu yako yanang'aa kama shuka chafu, hapo mji bado umekufikia. Kama ni meusi kuliko kitu kingine chochote, hata ukashindwa kuyatofautisha na miti, weka alama kwenye ramani. Umepata mahali.

Sasa mwezi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua na kukaa angani usiku kucha, na hakuna kilima kitakachokuficha. Kwa wastani unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ya tano baada ya mwezi mpevu mnapata saa kadhaa za giza kabla haujatokea. Kuanzia hapo hadi siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo, jioni ni zenu. Mwezi wa robo ya kwanza, ule unaoonekana nusu duara jioni, unatua karibu na saa sita usiku, nao unafaa kwa wanaoweza kukesha, lakini binti yako ana shule. Msianze mara tu jua likitua. Giza kamili linakuja jua likishuka nyuzi 18 chini ya upeo, na hilo huchukua zaidi ya saa moja.

Mkifika, zimeni kila kitu, pamoja na ile taa ya ndani ya gari inayowaka mlango ukifunguliwa. Tochi ifungeni plastiki nyekundu, tabaka mbili, maana mwanga mwekundu hafifu hauziudhi sana seli za jicho zinazoona gizani. Kisha subirini. Mboni hupanuka upesi, lakini kazi kubwa hufanyika ndani ya jicho na huchukua dakika 20 hadi 30. Mwambie binti achague kipande kidogo cha anga kati ya nyota mbili angavu, ahesabu zilizomo. Dakika ya tano ahesabu tena. Dakika ya ishirini ahesabu tena. Hapo atakuwa anaona nyota mahali palipokuwa pameitwa patupu, na kama hakuna jiji kubwa jirani, Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota zisizohesabika, itaanza kujichora yenyewe, kwanza kama moshi, halafu ikiwa na kingo, halafu na mabaka meusi katikati. Simu moja ikiwashwa usoni, mnaanza upya. Hili mkubaliane kabla ya kutoka nyumbani.

Mfundishe pia kutazama kwa pembeni. Katikati kabisa ya jicho hakuna zile seli za gizani, ndiyo maana nyota hafifu hutoweka ukiikazia macho, na hurudi ukitazama kando yake kidogo. Watoto hulishika hili haraka kuliko sisi.

Msiende peke yenu wawili bila kumwambia mtu mlipo, na mvae nguo nzito kuliko mnavyodhani.

SWALI: Mwalimu, nimepata mahali pazuri ng'ambo ya mto. Nitajuaje kama giza lake ni la kweli? Rafiki yangu ananiambia nipakue programu ya kupima kwa simu.

JIBU: Programu pakua ukipenda, lakini kamera ya simu haikuundwa kupima mwanga hafifu kiasi hicho, na macho yako yanatosha. Mwaka 2001 mtazamaji nyota John Bortle alichapisha kipimo cha ngazi tisa, ya kwanza ikiwa giza safi kabisa na ya tisa katikati ya jiji, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji chombo chochote. Unajipanga kwa unachokiona na usichokiona.

Mimi natumia Kilimia. Ni kile kishada kidogo cha nyota zilizobanana, ambacho wahenga walikiita hivyo kwa sababu ya kulima. Kinaonekana karibu kila mahali wanapoishi watu, japo si miezi yote. Chini ya taa za mji ni kama alama ya kidole kwenye kioo. Nje kidogo unahesabu nne, tano. Mwenye macho ya kawaida mahali pazuri anapata sita bila taabu, na gizani hasa, ukiwa na subira, ya saba na ya nane zinaingia. Andika tarehe, saa na hesabu yako kwenye daftari. Ukihesabu hivyo mahali patatu tofauti katika usiku wa aina moja, utajua lipi giza na lipi si giza kuliko simu yoyote itakavyokuambia. Kilimia kisipokuwepo, chukua kundinyota lolote unalolijua vizuri. Mradi wa Globe at Night umekuwa ukikusanya hesabu za namna hii kutoka kwa watu wa kawaida duniani tangu 2006.

Ramani za mwanga zilizotengenezwa kwa setilaiti zinasaidia kuchagua upande wa kwenda. Ramani kubwa ya mtafiti Fabio Falchi na wenzake, ya mwaka 2016, ndiyo iliyotuonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Lakini ramani haikuonyeshi taa moja iliyowekwa mwezi jana kwenye daraja la mto wako. Hiyo nenda kaione.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma safu yako kila toleo, lakini ushauri wote ni wa watu wanaoweza kutoka. Mimi namuuguza mama na usiku siwezi kwenda popote. Nyumba yetu ina taa za jirani pande mbili. Je, niache tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Usiache. Na umenikumbusha jambo nililopaswa kulisema siku nyingi.

Uani kwako kuna mahali pa giza kuliko pengine pote, na si lazima pawe katikati. Tembea polepole ukiwa umejiinamia, ukitafuta kivuli: nyuma ya tangi la maji, kwenye kona ya ukuta, chini ya kamba ya nguo ukitundika shuka zito. Unatafuta pale ambapo hakuna taa hata moja inayokugusa macho. Weka kiti cha kuegemea, jifunike kanga au blanketi kichwani kama pazia la pembeni, utazame utosini, ambako hewa ni nyembamba na mng'ao wa mji ni mdogo. Baada ya saa sita usiku, taa nyingi za majumbani zikizimwa, anga hubadilika. Wewe unayeamka usiku kumgeuza mama unaipata nafasi hiyo kuliko wengi wetu. Jirani naye mwombe ainamishe taa yake ielekee chini. Taa iliyoinama inamwonyesha mlango wake vizuri zaidi, na wengi hukubali wakiombwa kwa upole.

Kisha viko vitu ambavyo taa za mji haziviwezi. Mwezi, tena si ule mpevu, bali wa robo, wakati vivuli vya milima yake vinapolala virefu. Sayari ya Zuhura. Sayari ya Mshtarii (Jupita), ambayo kwa darubini ya kawaida ya macho mawili, ukiegemeza viwiko mahali imara, itakuonyesha vinukta vinne kandokando yake kwenye mstari mmoja, wakati mwingine vitatu au viwili. Ni miezi yake mikubwa, ileile mwanaastronomia Galileo aliyoiona mwaka 1610. Chora vilivyokaa, upande gani vingapi. Kesho yake chora tena, utakuta vimehama.

Na kama mama anaweza kuketi dirishani, zima taa ya chumba, mpe naye darubini.