Nani aliyebadilisha tarehe ya Pasaka?

SWALI: Mwaka 2024 sisi Wakatoliki tulisherehekea Pasaka tarehe 31 Machi, majirani zetu Waorthodoksi wakangoja hadi 5 Mei. Katekista alitufundisha kwamba Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu, ulikwisha kuamua jambo hili. Nani basi aliyekaidi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hakuna aliyekaidi. Ugomvi wa Pasaka ulikuwa zaidi ya mmoja, na Nisea haikuugusa huu wa leo.

Wa kwanza ni wa karne ya 2. Makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Nisani wa Kiyahudi, iwe Jumanne au Ijumaa; Roma ilishika Jumapili. Mnamo mwaka 155 hivi, Polikarpo wa Smirna, mzee wa miaka mingi, alifunga safari hadi Roma kwa Papa Aniseto. Hawakukubaliana. Hata hivyo Aniseto alimpisha mgeni wake aongoze Ekaristi, wakaagana kwa amani. Karibu mwaka 190 Papa Vikta akataka kuyatenga makanisa yale. Aliyemkanya ni Irenei wa Lyon, ambaye mwenyewe alishika Jumapili: alimkumbusha jinsi Aniseto alivyofanya. Hoja hiyo ilikuwa nzito kuliko hesabu yoyote ya mwezi.

Kufikia Nisea, mwaka 325, swali lilikuwa Jumapili ipi. Makanisa ya Siria yalifuata hesabu ya Wayahudi. Aleksandria ilijipigia yake. Mtaguso ukaagiza wote waadhimishe siku moja. Lakini ukizisoma kanuni zake 20, hutaikuta kanuni ya Pasaka. Uamuzi umo katika barua zilizotumwa baada ya kikao. Ile kanuni maarufu, Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa 21 Machi au wa baada yake, ilienea kupitia majedwali ya Aleksandria.

Tofauti ya leo inatokana na kalenda. Mwaka wa kalenda ya zamani, ya Juliasi, una siku 365 na robo, umezidi kidogo mwaka halisi wa jua, hivyo kila miaka 128 kalenda huchelewa siku moja. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alifuta siku 10 ili kuirekebisha: 4 Oktoba ikafuatwa na 15 Oktoba. Waorthodoksi walio wengi, wakiwemo wa Kenya walio chini ya Patriaki wa Aleksandria, bado wanapigia Pasaka hesabu ya zamani, ambayo sasa imeachwa nyuma siku 13. 21 Machi yao ni 3 Aprili yetu.

Rudi 2024. Mwezi mpevu wetu ulikuwa 25 Machi, Jumatatu, kwa hiyo Pasaka ikawa 31 Machi. Kwao mwezi huo ulitangulia mno, wakangoja unaofuata. Jedwali lao liliuweka 28 Aprili, siku kadhaa nyuma ya mwezi halisi wa angani, maana nalo limechakaa. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na mwezi ukiangukia Jumapili, Pasaka husogezwa wiki moja: 5 Mei.

Mwaka 2025 majedwali yote mawili yalitoa 20 Aprili.