Maswali ya wasomaji: mtoto atume vidio kwenye shindano la klasiki la mtandaoni?

Safari hii meseji nyingi zimekuja kuhusu kitu kimoja, haya mashindano ya muziki wa klasiki ya vijana ambayo unajirekodi nyumbani halafu unatuma vidio mtandaoni. Nimechukua za kwetu huku Nyanda za Juu Kusini. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, naishi Uyole, Mbeya. Binti yangu ana miaka 13, anapiga kinanda kanisani na nota anafundishwa na mwalimu wa kwaya. Ameona tangazo la shindano la kimataifa la klasiki, linafanyika mtandaoni, ada dola 70, mshindi anapata cheti na nafasi ya kupiga kwenye ukumbi New York. Baba yake anasema matapeli hao. Mimi naogopa kumzibia mtoto riziki. Nifanyeje? Ndaga fijo.*

Marahaba mama, na hongera kwa kumsimamia binti. Hapo wewe na baba yake wote mna haki. Mashindano ya kweli yanayofanyika kwa vidio yapo. Lile la Menuhin la wapiga vayolini wa chini ya miaka 22, lililoanza 1983, mwaka 2021 zamu ilikuwa Richmond kule Marekani na likahamia mtandaoni sababu ya korona, na ni shindano ambalo wapiga vayolini vijana wengi wamekuwa wakiliota. Hata lile la piano la Chopin la Warsaw, la tangu 1927, wanaoomba wanachujwa kwanza kwa vidio ndipo wachache wanaitwa kwenda kupiga mbele ya watu. Kwa hiyo kutuma vidio peke yake siyo dalili ya utapeli.

Shida ni kwamba pembeni ya hayo yameota mengine kibao ambayo biashara yake ni ile ada. Siyo wizi wa kuchukua pesa na kupotea, hapana, unalipa na cheti kinakuja kweli, ila ukichungulia orodha ya washindi unakuta kwenye kundi moja la umri "zawadi ya kwanza" wamepewa watoto wengi mno, waliobaki wote ni wa pili na wa tatu, hakuna aliyekosa. Halafu inakuja barua pepe nzuri sana ya pongezi, mtoto anaruka ruka, ukisoma hadi chini wanasema ili apige kwenye ule ukumbi kuna ada nyingine ya ushiriki, nauli yako, hoteli yako, viza utajijua, na kikombe ukikitaka kinanunuliwa. Na ule ukumbi wa New York, mara nyingi wanamaanisha kale kaukumbi kadogo ndani ya Carnegie Hall kanakoitwa Weill, ni ukumbi wa heshima kabisa lakini unakodishwa, mwenye hela anakodi. Kama mnaolipa ni ninyi, mama, hiyo siyo zawadi.

Sasa kabla hujatoa hata senti kaa na binti msome sheria zote, siyo tangazo, sheria. Majaji wametajwa kwa majina? Watafuteni mtandaoni, wanafundisha wapi, wamewahi kupiga wapi. Jaji ambaye hatajwi hadi shindano liishe mimi simwamini. Washindi wa mwaka jana wapo na vidio zao zinasikika? Hesabuni za kwanza ziko ngapi. Kuna pesa ya kulipia baada ya kushinda? Na swali ambalo kwangu ndiyo kubwa kuliko yote: kila mshiriki, hata aliyeshika mkia, anaandikiwa maoni na majaji? Kwa mtoto wa miaka 13 maoni ya mtu anayejua ndiyo mali, cheti kitakaa ukutani tu. Kuna pia Shirikisho la Dunia la Mashindano ya Kimataifa ya Muziki, liko Geneva tangu 1957, lina orodha ya mashindano wanachama, angalieni humo, ila mengi ya watoto hayamo na hiyo peke yake haina maana kwamba ni ya uongo.

Mimi ningekuwa na hizo dola 70, ambazo ni hela ndefu huku kwetu, na mtoto ambaye hajawahi kusikilizwa na mtu wa nje ya kanisa, ningeanza na mtihani kabla ya shindano. Ile bodi ya Uingereza ya ABRSM, ya tangu 1889, toka 2020 ina mitihani ya kupiga kwa vidio. Mtoto anapiga vipande vinne mfululizo kwenye rekodi moja isiyokatwa, inatumwa, mtahini anasikiliza na kuandika maoni. Alama ni 150, kufaulu ni 100, 120 ni daraja la kati, 130 ni la juu. Ngazi ziko 8 ila kuanzia ya 6 wanadai awe amefaulu kwanza mtihani mwingine, wengi hufanya nadharia ngazi ya 5. Ada inategemea ngazi, tazameni kabla. Hapo anajua amesimama wapi, na akija kushindana hashindani gizani.

Moja zaidi mama. Wengi wanataka vidio iwe YouTube. Usiiweke wazi kwa dunia nzima, chagua ile ya aliye na linki tu ndiyo anaona, na binti asivae sare ya shule yenye nembo.

*Kamwene mwalimu! Niko Kihesa, Iringa, nina miaka 17, napiga kinanda cha funguo 61 kwaya ya vijana. Kusema ukweli nyimbo zote napigia C halafu nabonyeza transipozi. Naweza kuingia shindano la klasiki na kinanda hiki au mpaka piano? Na nipige nini?*

Kamwene kijana wangu. Sheria kwanza. Kuna mashindano yanataka piano halisi tu, mengine yanakubali ya digitali ila iwe na funguo 88 zenye uzito, ukikuta hivyo usibishane nao wala usitume ukitegemea huruma, tafuta lingine. Na usikate tamaa mapema, Iringa kuna piano zimekaa kwenye misheni na kwenye shule, mtume mlezi wa kwaya akaombe kwa adabu siku moja uende ukarekodi, wengi hawakatai wakijua ni kwa ajili ya nini.

Transipozi, kile kitufe kinachohamisha sauti juu au chini huku vidole vikibaki pale pale, lazima uachane nayo, na biti ya kinanda nayo zima. Jaji ana nota mbele yake, anaona vidole viko C huku sauti inatoka E flati, hapo umeshaondoka. Na kuna sababu kubwa zaidi ya sheria. Ukipigia C maisha yako yote vidole havijawahi kuishi kwenye funguo nyeusi, na klasiki hata ikianzia C haikai C.

Chukua Bach, yule mtunzi Mjerumani, zile Invention 15, vipande vifupi alivyowaandikia wanafunzi, nakala aliyoisafisha kwa mkono wake ni ya mwaka 1723. Anza na namba 1, ni baa (vipimo vya nota) 22 tu. Haki za kazi za Bach zilishaisha zamani, alifariki 1750, kwa hiyo unazipata bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Wewe wa solfa utaitambua mara moja: mkono wa kulia unaanza do re mi fa re mi do so, haraka haraka, na kabla hujapumua mkono wa kushoto unarudia maneno yale yale oktavu moja chini. Sasa hapo ndiyo utaona kazi. Kanisani mkono wako wa kushoto umezoea kushika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kukaa, huku unatakiwa uimbe sawasawa na wa kulia, hauna ubosi wala utumwa. Halafu kipande kinatoka C, F shapu zinaanza kuingia, ukifika baa ya 7 uko G kabisa, baa ya 15 uko A maina, ndiyo unarudi nyumbani. Zile funguo nyeusi ulizokuwa unazikwepa kwa transipozi zinakusubiri humo.

Piga mikono tofauti kwanza, polepole, wa kushoto mara mbili ya wa kulia, na tumia metronomu ya kwenye simu, ile inayokugongea mapigo. Usikimbilie kuunganisha.

Na kwa nini nimekupa Bach wakati wenzako wote wanataka Chopin? Chopin anataka pedali nzuri na ufunguo unaojibu uzito wa kidole, ukigusa taratibu unanong'ona, ukikandamiza unanguruma, kinanda chako hakitakupa hayo hata ungekuwa na vidole vya dhahabu. Bach watu wa zamani walimpiga kwenye hapsikodi, kinanda cha nyuzi cha enzi zile, ambayo nayo haibadilishi sauti kwa nguvu ya kidole, na funguo zake zilikuwa chache, kwa hiyo 61 zako zinamtosha huyu. Jaji atasikia usafi wa vidole, mwendo na jinsi sentensi zinavyopumua. Hivyo unaweza kuvifanya hapo hapo Kihesa.

*Mwalimu habari. Njombe hapa. Napiga tarumbeta, mwenzangu kinanda, tunarekodi kanisani asubuhi maana mchana kuna vipindi. Kila tukisikiliza mimi niko chini ya kinanda kidogo. Mwenzangu anasema sina masikio.*

Masikio unayo, ungekuwa huna usingesikia. Ni baridi ya Njombe hiyo. Sauti kwenye hewa ya baridi inasafiri polepole, kwenye nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 10 ni kama 337, na tarumbeta ni bomba la hewa, hewa iliyo ndani ikipoa noti zote zinashuka. Kinanda cha umeme chenyewe hakijui baridi, noti yake ya A iko mitetemo 440 kwa sekunde Januari, iko 440 Julai. Ndiyo maana mnaachana. Fika mapema, ipashe moto kwa kupuliza pumzi ya joto ndani bila kutoa noti, piga noti ndefu hadi chuma kipate joto la mwili, ndipo utuni na kinanda, na kama bado uko chini sukuma lile bomba la kutunia liingie ndani kidogo. Mkipumzika usiiache juu ya benchi, ikumbatie ndani ya koti.

Simu iwekeni mbali, mita mbili tatu hivi na isiwe mbele ya mdomo wa tarumbeta, mjaribu kwanza pale penye kelele kubwa kuliko pote, sauti ikikwaruza rudini nyuma zaidi. Iwekeni isipokee simu. Na msimu wa mvua msisubiri alasiri, bati likianza kupigwa rekodi imekufa na hakuna programu ya kuifufua.

*Mimi ni mzee wa Rungwe. Nauliza, vijana wanahangaika na muziki wa Wazungu wa miaka mia tatu, ngoma zetu anabaki nazo nani?*

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito na silipuuzi. Ila Wamoraviani wamefika hapo Rungwe 1891, na tarumbeta zinapigwa kwenye Pasaka na kwenye misiba yetu na watu ambao babu zao nao walizipiga, na Aleluya Kuu ya Handel, aliyoitunga 1741, kwaya zetu zinaiimba kwa Kiswahili na hakuna anayeiita ya mgeni. Kijana akijua kusoma na kuandika nota vizuri anaweza pia kukaa na nyie wazee akaandika hizo ngoma kabla hazijapotea. Mimi naomba muwaite, na mkiwaita msiwagombeze.

*Mwalimu mwisho wa kutuma wameandika 23:59 London time. Mimi niko Makambako, bando langu dogo. Ni saa ngapi kwetu?*

23:59 ni saa 5:59 usiku ya kwao. London ikiwa kwenye saa za baridi, mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kwetu ni saa 8:59 usiku wa kuamkia kesho yake. Miezi mingine tuko mbele masaa mawili, inakuwa saa 7:59 usiku. Ila usingoje huo usiku, umeme unaweza kukatika na mtandao ukalala. Tuma siku tatu kabla. Vidio ya ubora wa 1080 dakika moja tu inaweza kula MB 100 na zaidi, kama sheria zinaruhusu rekodi kwa 720, inapungua sana na sauti haiharibiki. Usiipitishe WhatsApp kwenda kwa rafiki mwenye bando, kule inabanwa mpaka sauti inakuwa ya kwenye kopo, hamisha kwa waya au mpelekee memori kadi ya simu mkononi. Ukishatuma fungua ile linki kwenye simu ya mtu mwingine, isikilize mwanzo mpaka mwisho.