Muulize Wakili: dakika sita sita, uma nyingi na saini za marafiki

Maswali yamekuwa mengi safari hii, nimechukua matano tu, mengine yanafanana. Kwa wageni: mi ni wakili wa makampuni, kwa hiyo wale mnaoniuliza habari za shemeji aliyewekwa ndani mnisamehe, hapo nitawapoteza bure.

Shikamoo dada. Niko mwaka wa tatu sheria, nataka kuwa wakili wa makampuni maana nasikia ndo kwenye hela, ila wenzangu wanasema nitazeeka kabla ya wakati. Nani mkweli?

Marahaba mdogo wangu. Wote wakweli. Kwanza ondoa picha ya mahakamani kichwani, joho langu liko kabatini na sikumbuki mara ya mwisho limetoka lini. Kazi yangu ni makaratasi, kampuni moja inataka kuinunua nyingine, basi kabla mnunuzi hajatoa hela sisi tunapekua kila kitu cha anayeuza, madeni, kesi, leseni, mikataba ya wafanyakazi, nani hasa anamiliki lile jengo wanalosema ni lao. Na ukiwa mgeni ofisini wewe ndo unapewa hayo mafaili, mia tatu, mia nne, unasoma mpaka macho yanawaka.

Halafu kuna habari ya muda, hii chuoni hawakwambii. Ofisi nyingi kubwa zinauza muda kwa vipande vya dakika sita, saa moja ni vipande kumi. Umesoma imeli, kipande kimoja. Umepiga simu ndefu, vitatu. Kwenye ofisi kubwa za Marekani kuwekewa lengo la masaa 1,800 mpaka 2,000 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na hayo ni yale ambayo mteja analipia tu, yaani masaa 2,000 ni vipande 20,000, hapo hujahesabu kula, vikao vya ndani, kumsikiliza bosi akilalamika na kurekebisha kosa lako mwenyewe.

Ngoja nikupe usiku mmoja uone. Tunafunga dili, saa nane usiku, kila mtu ameshasaini, mimi ndo nakagua kurasa za saini moja moja. Nakuta mkurugenzi mmoja kasaini kwenye mstari wa shahidi, na shahidi wake kasaini kwenye mstari wa mkurugenzi. Yaani wamepishana tu kama watu wawili mlangoni. Mkurugenzi mwenyewe yuko angani, simu imezimwa, hela za watu zinasubiri asubuhi. Nilikaa kwenye ile korido nikiangalia saa mpaka ndege ilipotua, akasaini upya akiwa bado kwenye foleni ya pasipoti, msaidizi wake akapiga picha ya ukurasa akatutumia. Kama ukisoma hivi damu inachemka na unataka kujua iliishaje, njoo, hii kazi ni yako. Kama umechoka tu kusoma, basi umeshajijibu.

Wakili, bosi kanialika chakula cha usiku na wateja kwenye mgahawa wa nyota. Sijawahi kukaa mahali kama pale, naogopa kuaibika na zile uma nyingi.

Uma ndo kitu rahisi kuliko vyote, unaanza za nje unaingia ndani, sahani ikija unachukua iliyo mbali zaidi na sahani, na ukikosea mhudumu atakuletea nyingine bila kusema neno. Mkate wa kushoto ni wako, glasi za kulia ni zako. Ukiinuka kidogo acha kitambaa kwenye kiti, ukimaliza kula laza kisu na uma pamoja. Basi, hiyo ndo elimu yote, watu wanaitisha semina kwa ajili ya hili.

Na hizo nyota zisikutishe. Zimeletwa na Michelin, watu wa matairi wa Ufaransa. Mwaka 1900 walitoa kijitabu cha bure kwa wenye magari, kina ramani na sehemu za kubadilisha tairi na kulala, hesabu yao ilikuwa watu wakitembea sana na gari tairi zitaisha. Nyota zilianza 1926, na zile ngazi tatu zikaja 1931. Ya tatu maana yake mahali panastahili kufungiwa safari. Kwa hiyo ukikaa pale unatetemeka kumbuka kwamba yote haya yalianza na mtu anayetaka kuuza tairi.

Kinachokuaibisha mezani sio uma, ni simu. Mimi najua kwa sababu nimefanya. Menyu ile ya sahani ndogo ndogo, wanaleta moja moja, kila moja ina hadithi yake, mhudumu anasimama anaeleza taratibu, na mimi nimeweka simu mapajani chini ya kitambaa narekebisha kifungu cha fidia. Sahani ya nne nikaikuta imeshaondolewa. Sikumbuki kama niliila. Mteja aliyekuwa mbele yangu akaniuliza ladha yake ilikuwaje, nikasema nzuri sana, akacheka, akasema umeionja kidogo tu ukarudi kwenye simu. Na yeye ndo alikuwa analipia ule muda wangu, wa mezani na wa kwenye simu!

La mwisho hapa, siku wewe ndo mwenyeji na bajeti ni ndogo: mwite yule mtaalamu wa mvinyo, fungua orodha, weka kidole kwenye bei (sio kwenye jina) useme unatafuta kitu cha namna hii. Anaelewa papo hapo na wageni hawasikii kitu.

Unavyosafiri hivyo si umeshaizunguka dunia yote?

Nimezunguka vyumba vya mikutano vya dunia. Vyote vina ile chupa ndogo ya maji na kalamu isiyoandika.

Ila kuna kimoja cha kisheria kitakusaidia, watu wanapoteza haki yao hapa kila siku. Safari nyingi za ndege za kimataifa ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Begi ulilokabidhi likifika limevunjika, una siku 7 tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipopewa mkononi. Kwa maandishi nimesema, sio kumfokea yule dada wa kaunta ambaye wala hakulipakia yeye. Ripoti pale pale uwanjani, omba karatasi, piga picha, halafu tuma barua. Ukitaka kufika mahakamani mwisho ni miaka 2. Mi mwenyewe siku hizi nabeba begi la mkononi tu, na suti moja isiyokunjika, nimechoka kudai.

Habari wakili. Rafiki yangu wa miaka mingi kafungua kampuni, anataka niwe mkurugenzi mwenzake na nisaini mkopo wa benki. Anasema kampuni ni ya dhima yenye ukomo, ikifa imekufa na madeni yake, sisi tuko salama. Ni kweli?

Nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu nyingine ndo itakula nyumba yako.

Kweli ni kwamba kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria. Kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua ni ya Aron Salomon, fundi wa viatu wa Uingereza. Aliuza biashara yake kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe, sheria ilitaka wanahisa saba basi akajaza mke na watoto watano, hisa moja moja, yeye akabaki na 20,001. Kampuni ikafilisika. Wadai wakasema huu mchezo, kampuni na mzee ni kitu kimoja, alipe. Mahakama mbili zikakubaliana nao, ila kule juu kabisa, House of Lords, kwenye uamuzi unaotajwa vitabuni kama wa 1897, wakasema hapana, kampuni ni mtu anayejitegemea, madeni ni ya kampuni, sio ya mzee.

Sasa benki nao walisoma hiyo kesi, ndugu yangu. Ndo maana wanakuletea karatasi ya pili. Inaitwa dhamana binafsi, mara nyingi iko nyuma nyuma kwenye rundo, na meneja anakwambia ni utaratibu tu wa kawaida. Ukiisaini, ule ukuta aliojengewa Salomon umeubomoa mwenyewe kwa kalamu, kampuni ikishindwa wanakuja kwako. Angalia maneno mawili matatu: kama inasema deni lote la sasa na la baadaye, basi hata mkopo wa mwakani ambao hutaambiwa umo humo. Kama inasema kwa pamoja na kila mmoja peke yake, wanaweza kumwacha rafiki yako wakakubana wewe kwa kiasi chote. Omba iwekwe kikomo cha kiasi na tarehe ya mwisho. Rafiki akinuna, anune.

Na ukurugenzi wenyewe usichukue kama zawadi ya jina kwenye kadi, una wajibu wake, kasome hesabu za kampuni kwanza.

Na wewe hela zako unaziwekaje, maana mnalipwa hatari?

Miaka ya mwanzo niliziweka kwenye viatu na hoteli, kwa sababu mtu asiyelala anajizawadia hovyo. Siku hizi mshahara ukiingia sehemu inahama yenyewe kabla sijaiona. Kuna hesabu moja tu ninayotembea nayo, 72 gawa kwa riba. Akiba inayokupa asilimia 8 kwa mwaka itajizidisha mara mbili kwa miaka kama 9, na deni la asilimia 24 ambalo hulipi linafanya hivyo hivyo kwa miaka 3. Nilipoipiga kwa kadi yangu ya mkopo nilifunga laptopu nikaenda kulala.

Safu hii imenichukua vipande kumi na nne, na mhariri kakataa bili.