Nyie mnaoanza kufuatilia koo za Quebec, kule Kanada ya Wafaransa, hebu nisikilizeni kidogo

Jamani wadogo zangu, wiki hii tena nimeona mtu kapandisha ukoo hadi 1665 kwa usiku mmoja, kila jina kalichota kwenye miti ya ukoo ya watu wengine mtandaoni, sajili ya parokia hajafungua hata moja. Nimeshika kichwa. Nawapenda ndo maana naandika.

1. Dit, lile neno la Kifaransa la "aitwaye" mnaloliona katikati ya majina, linaonyesha lakabu, sio jina la kati. Askari wa Carignan-Salières, kile kikosi kilichotumwa kutoka Ufaransa, alikuja na jina lake la kambini, Lafleur, Sansouci, Jolicoeur, akabaki nalo, halafu watoto wake huyu anashika jina la baba, yule lakabu, mwingine yote mawili. Sasa sikieni yaliyonikuta. Mama mkwe wangu ni Desjardins, alipokaribia miaka 80 nikasema zawadi yake itakuwa ukoo wake. Miezi minane natafuta Desjardins, Desjardins, Desjardins, nikakwama kwenye ndoa ya babu wa babu yake, mara kwenye faharasa nikaona Desjardins mmoja, jina la ubatizo lilelile, parokia ya jirani, miaka inaendana, nikasema ndo huyu. Rekodi yenyewe sikuifungua. Nikachapisha, nikatia fremu, ikatundikwa sebuleni juu ya tivii. Mama alifurahi mpaka akaomba apelekwe kwenye yale makaburi, akaweka maua, akapiga magoti kwenye majani yenye umande na yale magoti yake yanayomuuma, akasali rozari nzima. Mwaka uliofuata ndo naja kufungua ukurasa, mwandiko wa padri unasomeka vizuri kabisa, wazazi wa bwana harusi ni watu wengine. Wa kwetu alikuwepo siku zote, kaandikwa Roy. Roy dit Desjardins. Vizazi vitano nilivyopandisha kuanzia pale hakuna hata kimoja chake. Nilienda kumwambia mwenyewe, nikamkuta jikoni anamenya viazi, nikashindwa kumtazama usoni. Akanyamaza, akafuta mikono kwenye aproni, akauliza, "Sasa wale niliowaombea ni kina nani?" Nikamwambia ni wa familia nyingine. Akasema basi sala wamepata, akaendelea na viazi vyake. Nikikumbuka mpaka leo roho inaniuma. Fungueni rekodi, na muanze na ya ndoa maana ndo inataja wazazi wa pande zote mbili.

2. Wavulana wengi walibatizwa Joseph na wasichana wengi Marie, jina la kuitiwa mara nyingi ni la mwisho kati ya majina ya ubatizo. Na mtoto akifa anayefuata anaweza kupewa jina lilelile, kwa hiyo angalia maziko kabla hujasema umempata.

3. Mwanamke anatafutwa kwa jina la baba yake mpaka siku ya kuzikwa, kama kwetu Fatuma binti Juma anavyobaki binti Juma hata akiolewa mara tatu. Na tangu 1981 sheria ya Quebec yenyewe inasema mke anabaki na jina lake. Naombeni msinitumie tena meseji kwamba bibi kapotea baada ya ndoa, hajapotea, unamtafuta kwa jina la mume!

4. Ukurasa umeliwa na maji? Mapadri waliandika nakala mbili, moja ya kanisa, nyingine ya mahakama. Tafuta ya pili.

5. Waliovuka mpaka kwenda viwanda vya nguo vya Lowell na Manchester kule Marekani majina yao yaligeuzwa Kiingereza, Boisvert akawa Greenwood, Leblanc akawa White. Juzi kijana mmoja kaniambia amekwama, babu yake ni King na Waingereza haoni pa kuwaanzia. Nikamuuliza huyo babu alizikwa na kanisa gani, akasema la Wafaransa. Tukakaa tukafungua ubatizo, pale kwenye jina la baba pameandikwa Roy, yaani mfalme, ndo huyo King. Karuka kwenye kiti, kashaanza kujaza mti. Nikamshika mkono nikamwambia mwanangu subiri, huyo Roy lakabu yake nani?