Kipandikizi cha retina kwa aliyepofushwa na presha ya macho

Ndugu, umeuliza kama kipandikizi cha retina, yaani kifaa cha umeme kinachowekwa kwenye utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kitamrudishia mjomba wako uoni ulioondoka na presha ya macho. Kwa bahati mbaya, hapana. Presha huua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na kipandikizi kinautegemea huohuo. Argus II, kipandikizi cha aina hiyo kilichoidhinishwa Marekani 2013, kilikuwa cha wenye retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za retina zinazopokea mwanga lakini si mshipa huo: kamera ndogo kwenye miwani, elektrodi (vincha vidogo vya umeme) 60 juu ya retina. Sitini tu! Mtu aliona vimulimuli, akajua mlango uko wapi, si sura ya mwanawe. Tena kiliacha kutengenezwa 2019, waliokuwa nacho jichoni wakabaki kuhangaikia vipuri. Kama jicho moja bado linaona mwanga, matone ya kushusha presha asiyaache.