Mlima utaupanda tu, kazi iko kwenye michango

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Moshi. "Shikamoo kaka. Nimepata nafasi ya kwenda Ufaransa mwezi wa sita, kuendesha baiskeli mlimani kuchangia mapambano dhidi ya saratani. Nasikia wewe ulishapanda. Nifanye mazoezi gani ya miguu?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye neno la mwisho. Miguu. Na mimi nilianzia hapo hapo. Nilihangaika na miguu miezi minane, na mwisho wa yote kilichoniumiza hakikuwa miguu.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Baiskeli nimejifunzia kwenye Phoenix ya mjomba, nikipitisha mguu chini ya bomba la kati kwa sababu kiti sikifikii. Ile barabara ya kutoka Mombo kupanda kwetu, yenye kona juu ya kona, naijua kwa mapafu yangu. Mama alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Karibu mwaka mzima alilalamika kiuno na kutokwa damu, na kwenye zahanati aliyokuwa akienda walimpa dawa za UTI. Zikiisha, anapewa nyingine. Hakuna aliyemwambia apande kitandani apimwe. Alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka kulisema, maana ni ugonjwa unaoonekana mapema ukitafutwa.

Miaka mitatu baada ya msiba nilikuwa Rotterdam, kazini ghalani, na mwenzangu mmoja wa Kiholanzi akanieleza kuhusu Alpe d'HuZes. Kila mwaka mwezi wa Juni, Waholanzi kwa maelfu wanahamia kwenye mlima mmoja wa Ufaransa, Alpe d'Huez, kuupanda kwa baiskeli au kwa miguu na kuchangia utafiti wa saratani. Walianza 2006. Jina lenyewe limechezewa: "zes" kwa Kiholanzi ni sita, na anayeweza anaupanda mlima mara sita kwa siku moja. Nauli, malazi na chakula mshiriki anajilipia mwenyewe, ili mchango wa mtu usiguswe njiani. Hilo ndilo lililonivuta. Sisi tunajua michango inavyoguswa njiani.

Nikapiga hesabu. Barabara ya kupanda ni kilomita 13.8, ina kona 21, na mwinuko wake kwa wastani ni asilimia 8. Unaanzia mji wa Bourg d'Oisans, kama mita 720 juu ya usawa wa bahari, na juu unafika kama mita 1,860. Kila safari unapanda zaidi ya mita 1,100. Zidisha mara sita, inakuwa zaidi ya mita 6,600, na Kilimanjaro ni mita 5,895. Basi nikajiambia, nitampandia mama mlima mrefu kuliko Kilimanjaro. Nikatangaza sita. Kundi la ukoo, kundi la Watanzania wa huku, kazini, kila mahali: mara sita.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya makala hii.

Unajua tunavyochangishana harusi. Kadi inatoka, kamati inakaa, mhazini ana daftari lake, na mtu akiahidi laki moja atapigiwa simu mpaka atoe. Hakuna anayeona haya, si anayedai wala anayedaiwa. Mimi nikaenda kinyume. Nikasema, kila nikifika kileleni, nichangieni kiasi fulani. Kwa hiyo pesa ingekuja baada ya mlima, na ingekuja kwa idadi. Nilikuwa na kaunta buku la bluu, nimelipiga mistari kwa rula: jina, ameahidi, ametoa. Majina 31. Nikizidisha kwa sita napata kama euro 3,400. Safu ya "ametoa" ilikuwa nyeupe kabisa, na wala sikushtuka. Nilikuwa naangalia safu ya katikati.

Mazoezi sitayaeleza sana. Uholanzi haina milima. Unapanda daraja la Van Brienenoord, unashuka, unapanda tena, upepo wa baharini ukikupiga usoni. Mara chache nilikwenda Limburg kupanda Cauberg, ambao haufiki hata kilomita mbili. Wewe wa Moshi una barabara ya kwenda Marangu mlangoni kwako, umeshanizidi.

Jambo moja la kabla ya safari lazima nilieleze. Mama aliacha doti ya kanga yenye jina WEMA HAUOZI. Kipande kimoja nilikuja nacho Ulaya. Usiku wa kufungasha nilichukua mkasi, nikakata ukanda wa chini wenye maandishi, nikaufunga kwenye usukani. Nikaupiga picha, nikamtumia mama mdogo, mdogo wake marehemu, nikidhani atafurahi. Hakujibu siku nne. Siku ya tano akaandika: "Kanga ya marehemu haikatwi." Nikapanda mlima na neno hilo moyoni.

Jioni ya mkesha wanawasha mishumaa kwenye kona, kila mmoja na mtu wake. Alfajiri unapoondoka bado ni giza, na njia yote juu yako unaona vijimoto vinavyopinda na kupinda. Nimeshahudhuria misiba mingi na sijaona kitu kama kile. Watu maelfu na hakuna anayepiga kelele, unasikia minyororo na pumzi tu. Kona zimepewa namba kuanzia 21 chini hadi 1 juu, na kila kona ina kibao chenye jina la mtu aliyeshinda siku ambayo mbio za baiskeli za Tour de France ziliishia mlimani hapo. Jina la Fausto Coppi, aliyeshinda mlima huu ulipotumika mara ya kwanza 1952, liko pale chini kabisa. Kati ya 1976 na 1989 Waholanzi walishinda hapo mara nane, ndiyo maana wanauita mlima wao, na kona ya 7, karibu na kanisa la kijiji cha Huez, ni yao kabisa.

Mara ya kwanza nilipanda nikilia. Mara ya pili na ya tatu nilipanda vizuri mno, naweza kusema bila kuogopa kwamba niliwapita vijana wenye baiskeli za bei ya gari. Mara ya nne mvua ilianza nikiwa kona ya 5. Juu nilifika nimeloa, na nikafanya kosa la kushuka bila kubadilisha glavu. Kilomita 13 za mteremko, upepo wa baridi, vidole vimekufa ganzi. Nikibana breki sijui kama nimebana. Nilishuka nikitetemeka hadi baiskeli nayo ikatetemeka.

Ya tano nikaianza. Zile kilomita mbili za mwanzo ndizo kali kuliko zote, zinapita asilimia 10, na kwenye kona ya 16, pale La Garde, paja la kulia likakaza kama jiwe. Nikaanguka nikiwa nimesimama, mguu umekwama kwenye pedali. Mama mmoja wa Kiholanzi, mtu mzima wa miaka kama sabini, akanifungua kiatu, akanifunika lile shuka la karatasi ya fedha, akanipa chai. Akaugusa ule ukanda wa kanga akaniuliza umeandikwa nini. Rangi nyeusi ilikuwa imechuja kwa mvua na jasho, herufi zimeingiliana. Nikamwambia kwa Kiholanzi changu cha ghalani: jambo jema haliozi. Akatikisa kichwa, akakaa pale pale kando yangu bila kusema neno mpaka gari lilipokuja.

Mara nne. Mita zaidi ya 4,400 za kupanda kwa siku moja. Leo nalisema kwa kifua mbele. Siku ile niliona aibu.

Wenzangu wa kazini walilipa siku ile ile, na wengine walilipa zote sita bila kuulizwa. Kwetu kukawa kimya. Siku ya tatu ndugu mmoja akaandika kwenye kundi, mbele ya watu wote: "Si ulisema sita?" Mwingine: "Mimi ahadi yangu ilikuwa ya sita, kwa hiyo hapo tumeachana." Wakaweka na vikaragosi vya kucheka. Hao hao nimewachangia harusi, send-off, ubarikio wa watoto, na kadi zao sijawahi kurudisha. Katika zile euro 3,400 zilizoahidiwa zilipatikana 1,260. Nilikuwa nimejiwekea euro 2,000 kuwa chini ya hapo sishuki, kwa hiyo 740 nilizitoa kwenye akiba yangu. Sikumwambia mtu mpaka leo hii ninapoandika. Nimewasamehe, lakini lile kaunta buku bado ninalo, na safu ya tatu, kwenye majina yao, bado ni nyeupe.

Kwa hiyo mdogo wangu, sikia. Usiuze idadi. Usimwambie mtu nitapanda mara ngapi ndipo utoe. Mwambie unampandia nani. Mtu akitoa kwa ajili ya mama yako, hata ukianguka kona ya kwanza mchango wake umeshafika. Mtu akitoa kwa ajili ya miguu yako, anakuwa mtazamaji, na mtazamaji anadai onyesho.

Kusanya kabla. Tumia akili ya harusi: kamati ya watu watatu, mhazini mmoja anayeheshimika, si wewe, namba moja ya kupokelea, majina yanasomwa kwenye kundi kila Ijumaa. Mtu akiahidi, apigiwe simu wiki hiyo hiyo. Na waambie mapema kwamba nauli na viza unajilipia, au kama kuna anayekulipia, mtaje ni nani. Swali la "kwani hapo kwenye mchango hakuna tiketi yako?" litakuja. Afadhali ulijibu kabla halijaulizwa.

Usione haya kuomba. Hili nalirudia kwa sababu ndilo linalotuangusha. Mnaona haya kuomba kwa ajili ya mgonjwa lakini hamuoni haya kuomba kwa ajili ya ukumbi na mapambo? Tunaweza kukesha kwenye vikao miezi mitatu kwa sababu ya sherehe ya usiku mmoja, halafu mama anavuja damu mwaka mzima na hakuna kikao. Chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inatolewa bure kwa wasichana Tanzania tangu 2018, na bado kuna baba anamficha binti yake nyumbani siku ya chanjo kwa maneno ya mitandaoni. Dada zangu, nendeni mkapimwe. Kaka, mpeleke mkeo, mpeleke mama yako, kaa naye kwenye foleni.

Sasa miguu, kwa sababu uliiuliza. Hakikisha baiskeli ina gia nyepesi ya kutosha, mbele meno 34 na nyuma 34 kama unaweza, na kilomita zile mbili za mwanzo uende taratibu mpaka uone aibu. Urefu wa mlima hautakusumbua, wewe umezaliwa juu. Baridi ndiyo itakusumbua. Beba glavu jozi mbili, na gazeti: juu kileleni liingize kifuani chini ya jezi kabla ya kushuka, wazee wa baiskeli wanafanya hivyo miaka yote. Mfukoni weka tende, zinaingia mwilini haraka na hazipondeki kama ndizi. Bima ya safari ya viza ya Schengen iwe ya euro 30,000 kwenda juu, na isome kama inakubali mambo ya baiskeli.

Na kitu ambacho hakuna mzungu atakayekukumbusha: kule wanapita kulia. Unaposhuka umechoka, kwenye kona, mwili unarudi ulikolelewa na unajikuta umehamia kushoto, gari linapanda. Ilinitokea kona ya 12, na dereva alinikwepa kwa rehema za Mungu. Bandika kipande cha plasta upande wa kulia wa usukani. Ukikodi baiskeli huko huko, jaribu breki zake kabla ya yote, kwa sababu mara nyingi ya mbele inakuwa mkono wa kushoto, kinyume na ulivyozoea. Ukiibana ghafla kwenye mteremko itakurusha.

Mimi narudi Juni ijayo. Sijamwambia mtu mara ngapi. Mhazini ni dada yangu aliyeko Tanga, na mpaka jana alikuwa ameshasoma majina 19, yote yametoa.

Mwezi uliopita kuna mtu alikuja kutoka nyumbani akaniletea kifurushi. Ndani ni kile kipande cha pili cha doti, WEMA HAUOZI, kimekunjwa na bado kinanuka udi. Mama mdogo alimpa maneno ya kunifikishia: usikate hii, jifunge kiunoni. Nilipoikunjua nikaona kwenye pindo kuna fundo dogo limekazwa. Nikalibonyeza, ni noti. Dada akanieleza kwamba ni elfu kumi, na kwamba mama mdogo amegoma kuitoa kwa simu kama wengine, anataka ipande mlima kwanza. Jina lake dada ameshaliandika daftarini, namba 20. Fundo sijalifungua.