Mgonjwa anapaliwa kitini

SWALI: Wanafunzi wangu wa usafi wa kinywa wakimlaza chali kijana mwenye mtindio wa ubongo, anapaliwa. Wafanyeje? – Mkufunzi, Kisumu

JIBU: Mwalimu, wasimlaze kabisa. Kiti kiinuliwe nyuzi 45 hivi, kidevu kishuke kidogo, kifyonza mate kiwe mdomoni kabla ya maji. Misuli yake ya kumeza haishirikiani vizuri, hivyo maji kidogo tu yakifika kooni humpalia.

Kidole kipitie kati ya shavu na fizi, kamwe si katikati ya meno: akiguswa hapo huenda akauma bila kukusudia, na glavu haizuii meno! Mashine ya kusafishia meno isikike kwanza mbali naye, maana mlio wa ghafla humshtua akarusha mikono.

Wanafunzi waulize pia anatumia dawa gani. Fenitoini ya kifafa hunenepesha fizi, hasa penye utando wa bakteria kwenye meno.